Ua la Masagati

Baba Devota,

Nakuandikia nikiwa hapa barazani kwetu Namawala. Mpunga tumeshavuna. Devota alirudi kwa mumewe baada ya arobaini yako, na mpaka leo sijajua kupika chakula cha mtu mmoja. Kila siku kinabaki.

Jana alikuja Neema, yule mtafiti wa mimea uliyekuwa ukimtembeza porini. "Shikamoo mama, baba yupo?" Hakuwa na habari, mume wangu. Ikabidi nimwambie mimi.

Alikuwa amekuletea karatasi. Lile ua dogo la njano ulilomwonyesha kwenye chemchemi ya kwenu Masagati, kumbe halikuwa limeandikwa popote duniani. Sasa lina jina la Kilatini. Ni refu, ila neno la mwisho nililisoma mwenyewe: *masagatiensis*. "Maana yake, la Masagati, mama," akanieleza.

Nikalia mbele ya mgeni.

Unakumbuka tulivyogombana? Neema alitaka ua lipewe jina lako, ukakataa. "Ua hili nimelikuta, na bibi yangu alilikuta. Andika Masagati." Nikakununia siku mbili. Nilisema umepata nafasi ya kukumbukwa na unaitupa, mtu gani wewe. Ukacheka tu, ukaenda shambani.

Sikukuomba radhi. Halafu ukaugua, tukawa na mengine ya kusema: homa, dawa, gari la kukupeleka Ifakara. Nilidhani tutarudi.

Jioni nikampigia simu dada yako kule Masagati, nikamsomea. Akauliza, "Masagati hii hii yetu, wifi?" Nikamwambia hii hii. Akaita majirani. Nikasoma tena, na tena, nikawasikia wanalirudia lile neno, wanacheka, wanapiga vigelegele. Jina lako lisingewafurahisha wote vile. Hapo ndipo nilipokuelewa.

Simu ikakatika. Nyumba ikawa kimya, nami nikawa nimeshafungua mdomo kukuita uje usikie.

Ulikuwa sahihi. Nisamehe, Baba Devota.

Barabara ya Mlimba ikikauka vizuri nitakwenda Masagati. Nitamwomba wifi anifikishe kwenye hiyo chemchemi, maana miaka yote tuliyoishi pamoja uliniambia twende nikalione hilo ua, nami nikasema mwakani.

Pumzika, mume wangu. Safari hii nakwenda kweli.

Mkeo,
Mama Devota