Chungu kilichorudi kisafi

Euphrasie, niko nyuma ya nyumba. Watu wa kwa Kitenge wameleta mahari yangu, na mama amekataa kushika mukono wa mama ya Kitenge. Mbele ya wote.

Kumbe mama ya Kitenge njo ule Riziki, rafiki ya mama wa wakati wa Zaïre. Mama alikuwa anapika pombe ya mahindi, mutaa muzima unapata chakula kwa kazi ile: wauza kuni, wakulima, wafinyanzi.

Akaenda matanga Lokandu, akamuachia Riziki chungu. Alimuambia: usikioshe, chachu inaishi mule ndani.

Kurudi, anakuta Riziki njo anapikia wakubwa wa chama cha serikali pombe, na chachu ile ile. Kuni zote zinaenda kwake. Mama akaomba chungu chake tu.

Riziki alimurudishia na mikono miwili, Euphrasie. Kimeoshwa mupaka kinang'aa.