Kiingereza cha Ufagio

Madam,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia, ila mdomo umeshazoea, siwezi kuanza na wewe bila shikamoo.

Kazi nimepata! Nakwambia mapema maana nakujua, usingenipa nafasi ya kuzunguka. Ile kazi ya kupokea wageni, hotelini kule Mbezi Beach, mie Mwanahawa niliyefua mashuka yao miaka tisa nyuma ya jiko. Ulituacha wiki tatu kabla ya usaili, na kidogo nisiende. Nilijiambia, bila Madam Kiingereza hiki nakipeleka wapi?

Unakumbuka nilivyokununia siku za mwanzo? Nilikuja kwako Chamazi na daftari jipya, nikategemea ubao. Wewe ukanipa ufagio. "Usiniambie unafagia, Mwanahawa. Fagia, huku unasema!" Basi mtu mzima, nina mjukuu, nafagia baraza la watu huku napayuka, I am slowly sweeping under the table. Mkono ukienda haraka, wewe unanikatisha: umesema taratibu, mbona unakimbia? Nikisema naingiza ndoo ndani na bado niko nje, unanirudisha getini mimi na ndoo yangu. Majirani wakachungulia ukutani wanacheka. Nilirudi nyumbani nimefura, nikamwambia mume wangu yule mama ana wazimu. Nisamehe. Nilisema hivyo kweli.

Sasa siku ya usaili wakanikalisha kwenye kiti mbele ya watu watatu. Wakaniuliza kwa Kiingereza, mgeni akifika unafanyaje? Wallahi, maneno yote yakanitoka. Kiyoyozi kinapuliza na mie jasho linanitiririka. Sijawahi kusema Kiingereza nimekaa, Madam! Dada wa katikati akaanza kufunga faili langu.

Nikaiona miaka mingine tisa ya mashuka inakuja. Nikasimama, ruhusa sikuomba. Nikachukua pochi yake mezani, pochi yake mwenyewe jamani, nikaenda nayo hadi mlangoni: I am gently carrying your bag to the door. Nikaufungua mlango polepole, nikasema naufungua polepole. Nikazunguka meza, nikavuta pazia, nikamimina maji kwenye glasi, na kila nilichofanya nilikisema, tena kwa sauti ile ya barazani kwako. Mzee mmoja alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akauliza, nani kakufundisha hivi? Nikataja jina lako lote. Nikasema tumemzika juzijuzi tu. Nikalia pale pale, nimekumbatia jagi lao.

Naanza Jumatatu. Sare nimeshapewa, inabana kidogo mabegani.

Ahsante, Madam. Ahsante kwa kunirudisha getini mara zote zile bila kuchoka. Nyumbani waliniambia nimeshazeeka, ulimi wangu haugeuki tena, na mie niliwaamini. Wewe peke yako hukuamini. Najisikia vibaya kwamba sikukwambia haya ukiwa unanisikia, nilidhani tuna muda.

Wenzangu wa darasani wametawanyika. Fundi umeme yule mrefu kaniuliza juzi tutasomea wapi sasa. Jana nikaenda kumjulia hali mumeo, na barua ya kazi nikamwonyesha. Aliisoma mara mbili. Viti vya barazani alikuwa ameshaviingiza ndani, nikadhani ndiyo basi tena. Akanyanyuka, akavitoa kimoja kimoja, akavipanga palepale ulipokuwa unavipanga, kisha akanipa ufunguo wa geti.

Akasema, "Mwanahawa, nyumba imekuwa kimya mno. Siwezi."

Kwa hiyo Jumamosi tunakuja, Madam. Mie ndiye nitakayesimama mbele, Mungu anisaidie. Sitakiacha kiti hata kimoja kikae kitupu kwa uvivu wangu, nakuahidi. Lala pema, mwalimu wangu. Mumeo hatakaa kwenye ukimya tena.

Mwanafunzi wako,
Mwanahawa