Yule Mjane wa Sehemu ya Kwanza

Msambweni
11 Mei 2024

Kaka Tsuma,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia. Tangu mwenzako Kalama aniletee ile flashi yako ya tamthilia kutoka Doha ni miezi sasa, na kila nikikaa niandike, Mishi anaamka, au nguo zinanyeshewa, au nalala na kalamu mkononi. Sikukusahau. Natumai u mzima na joto la huko halijawazidi. Sisi hatujambo, tunasukuma. Amin kikohozi kimemwacha. Mishi ameanza kutembea, na kila anachokifikia anakiangusha. Mama anakusalimu sana, ila magoti yanamsumbua na mvua hizi.

Karatasi hii Beryl wa saluni ataipiga picha akutumie kwa simu yake, maana yangu ni ya kubonyeza. (Beryl, ukifika hapa, wacha kusoma.)

Uliniambia nitazame kwanza ndipo niseme. Nimefika sehemu ya kumi na nne, zimebaki mbili. Siku hizi namsaidia Beryl kuosha nywele za wateja, na runinga iko pale juu ya kioo. Maandishi ya Kiingereza yanapita chini, Beryl anatusomea kwa Kiswahili huku anasuka, na akichoka anaruka. Majina ya Kikorea yametushinda sote. Yule anayemlipizia mdogo wake tumemwita Fundi, kwa kuwa anashona viatu. Yule tajiri aliyemuua huyo mdogo wake tumemwita Suti.

Kaka, ni nzuri, sitakudanganya. Ile ya kupigana jikoni mwa mkahawa, wamezima muziki wote, unasikia pumzi tu na sufuria zinavyoanguka. Na Fundi anachoka! Anaegemea ukuta, kisu kinamponyoka. Sijapata kuona sinema ambayo mpiganaji anachoka kama mtu aliyefua kutwa. Na yule mama yao anayemwekea marehemu sahani kila jioni, kisha anaila mwenyewe ili chakula kisitupwe. Mteja mmoja aliinuka na kichwa nusu hakijasukwa, akasema anatoka nje kumpigia mwanawe.

Lakini ina makosa. Fundi anachomwa kisu tumboni sehemu ya tano, ya sita anapanda ukuta. Beryl akasema, "Huyu jamaa hana matumbo, ana spea." Maiti zimelala kama maganda ya machungwa sokoni na hakuna polisi anayeuliza. Kutoka ya tisa hadi ya kumi na mbili wanazunguka pale pale. Suti anacheka mno. Na kila mara Fundi anajua adui yake atapita wapi na saa ngapi. Anajuaje? Nilimuuliza Beryl, akaniambia, "Ni sinema, mama Amin, usiulize."

Kubwa kwangu ni yule mjane. Sehemu ya kwanza yupo, mke wa marehemu, mtoto mgongoni, analia kaburini. Ya pili hayupo. Nikasema labda ya tatu. Mpaka nilipofika hayupo. Fundi ameua watu chungu nzima kwa ajili ya nyumba ile, na hakuna hata siku moja amebisha hodi akauliza wamekula nini.

Najua kwa nini ulinitumia. Tangu tumzike mume wangu hujapata kulitaja jina la Dzombo kwa kinywa chako, ila umenitumia tamthilia. Nilikuelewa, na hilo nalo lilinikawiza.

Mdogo wako,
Mwanarusi


Doha
14 Mei 2024

Mwanarusi mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kuuona mwandiko wako, ingawa Beryl alikata kona ya karatasi. Mimi mzima. Bado nalinda lango la lile jengo. Chumbani tumejaa, na tamthilia tuliitazama kwenye simu moja iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji. Mama mpe pole ya magoti.

Umeikosoa vizuri kuliko sisi wanaume. Ya tumbo lenye spea nimewasomea wenzangu, wamecheka. Lakini nguzo yenyewe umeiacha. Fundi alianza kwa kwenda kortini. Alikaa kwenye benchi akaambiwa ushahidi hautoshi. Hukumbuki benchi? Wewe ulikuwa na tumbo la miezi saba, mimi kando yako, na yule dereva wa lori la mawe akatoka kwa mlango ule ule tulioingilia sisi. Dzombo alikuwa juu ya pikipiki yake, upande wake wa barabara, Kombani, mchana kweupe. Nani hakuona? Na nani alisema?

Kuhusu mjane wako, hayupo kwa kuwa kazi ile si yake. Ni ya kaka.

Likizo yangu inakaribia. Huyo dereva, Alamin, yuko wapi siku hizi? Niambie hilo tu, mengine niachie.

Kakako,
Tsuma


Msambweni
2 Juni 2024

Kaka Tsuma,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta salama. Hapa tunashukuru, mvua imepungua, na Mama leo amefika kisimani na kurudi bila kushikwa mkono.

Yako nimeisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Jibu langu ni hapana. Sikuandikii kwa woga. Nakuandikia kwa kuwa kuna jambo hulijui, na ukilijua utaiacha hiyo kazi unayosema ni yako.

Alamin huja hapa. Ijumaa ya mwisho wa kila mwezi, baada ya swala, anashuka steji ya hospitali, anakata njia ya mikoroshoni kwa miguu, peke yake, na mfuko wa unga begani. Haendeshi tena. Mguu ulivunjika ajali ile ile, sasa anaziba pancha Kombani. Mara ya kwanza alipokuja Mishi alikuwa bado mwekundu. Niliufunga mlango. Akauweka unga kizingitini, akasema, "Dada, sikuja kuomba unisamehe. Nimeleta unga."

Nikamwambia kupitia dirishani, "Chukua unga wako, uende ukafe."

"Nitakufa," akasema. "Wewe pika kwanza."

Akaenda zake. Nilikaa nikauangalia ule mfuko mpaka kuku wakaingia kulala. Amin akaniuliza, "Mama, huo ni wa nani?" Nikaupika.

Unajua kwetu tulivyolelewa na Bibi. Ukishakula cha mtu, huna tena neno naye, wewe na watu wako wote. Mimi nimekula cha Alamin mwaka mzima na zaidi. Amin amekula, Mama amekula na amejua ni cha nani. Na wewe ni mtu wetu, Tsuma. Usidhani nampenda. Nikimwona anavyouburuta ule mguu roho inanichafuka, na siku akichelewa roho inanichafuka vile vile. Hatukaribishani. Anaweka, anaondoka. Lakini nimekula.

Hilo ndilo kosa jingine la tamthilia yako, na sikuliona mpaka nilipokaa kukujibu. Adui wao ana jumba, ana walinzi, ana meza ndefu kama jahazi. Ukimpiga mtu kama yule, angalau kuna kitu kimeanguka. Wetu ana gundi na viraka vya tairi. Utamwangusha kutoka wapi?

Kaa na kazi yako. Likizo ikifika njoo, umbebe Mishi, ulale, ule wali wa nazi, urudi. Nimesema hivyo kama mdogo wako, lakini nimesema.

Mdogo wako,
Mwanarusi


Doha
3 Juni 2024

Mwanarusi,

Marahaba. Nimekusoma. Kumbe huja mpaka mlangoni. Sikulijua hilo.

Haya, yaishe. Msalimie Mama, nambusu Mishi. Niambie unahitaji nini nikutumie. Usinionee haya, mimi ni kakako.

Tsuma


Msambweni
20 Juni 2024

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo, na Idi njema ingawa imepita. Barua yako fupi ilinitua mzigo. Nilimsomea Mama, akasema, "Huyo sasa ni mwanangu," akalala bila kuugulia.

Idi hatukuchinja, lakini jirani alituletea nyama, na Amin alivaa kanzu yake ya mwaka jana, imefika magotini. Beryl alitufungulia saluni bure tukamalizia zile sehemu mbili. Nikwambie? Wanapigana juu ya paa, mvua inanyesha, na wameichukua picha vizuri mno, maji yanavyochururika kwenye ile suti. Fundi anamuua. Kisha anakaa kando ya maiti, anavua viatu vyake, anavipanga sawasawa kama yuko mlangoni kwao. Hapo nililia, nakiri. Halafu majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

Beryl akasema, "Eh! Na sasa?"

Hakuna na sasa. Yule mjane hakurudi hata kwa dakika moja. Beryl akaipiga kofi runinga, akasema wamekula pesa za watu bure, wangemwonyesha hata akianika nguo.

Umeniuliza nahitaji nini. Sihitaji kitu, kaka. Nimeshapata nilichotaka. Pesa yako weka, ujenge.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanarusi


Msambweni
8 Septemba 2024

Kaka Tsuma,

Shikamoo. Nilikawia tena. Mara hii kalamu nilikuwa nayo, mikono ndiyo haikutaka. Natumai huko rumande wanakupa blanketi. Askari wa langoni aliniambia barua zenu zinafunguliwa, basi naandika ambalo yeyote anaweza kulisoma.

Hukupita nyumbani. Hilo ndilo Mama anauliza kila asubuhi, si jingine. Ulitua Mombasa, ukavuka feri, ukaja mpaka Msambweni, ukakaa mikoroshoni hatua chache kutoka mlango wetu, na hukuja kumbeba Mishi. Ile Ijumaa ya mwisho wa Julai nilikuwa natwanga. Nilisikia sauti mbili. Moja nikaijua, nikasema hapana, huyo yuko Doha. Nilipofika ulikuwa umeketi chini na kipande cha chuma mapajani, na Alamin ameangukia mfuko wake. Ulisema, "Tayari, Mwanarusi." Kama vile nilikutuma.

Alikufa hospitalini kabla ya magharibi. Unga ulimwagika njia nzima. Kuku wa jirani waliula mpaka giza, na sikuwa na nguvu za kuwafukuza.

Nilikuuliza Fundi anajuaje adui yake atapita wapi na saa ngapi, nikasema ni kosa la tamthilia. Si kosa. Kuna mtu wa nyumbani anayempenda, na huyo humwandikia barua ndefu ya kumtuliza.

Nilikwenda Kombani kwa mkewe, Hasina. Yuko edani. Nilichukua unga, nusu ya tuliokuwa nao. Alikuwa anapeta mchele, hakuinua uso. Akasema, "Wewe ndiye wa unga?"

Nikasema ndiyo.

"Alikuwa akiutoa katika wetu. Tuligombana naye kila mwisho wa mwezi kwa ajili yako."

Nikamwambia nimeleta. Akasema, "Ondoka nao." Niliuweka kizingitini, nikaondoka. Binti yake, Mwanasiti, alikuwa amesimama mlangoni peku, ananitazama kama Amin alivyotazama siku ile. Sijui kama waliupika. Mwisho wa mwezi huu nitakwenda tena. Mimi simwombi anisamehe, wala wewe sikuombei.

Kesi yako inatajwa mwezi ujao. Nitakuja na Mama akiweza kutembea. Usitutazamie na wakili, hatuna. Beryl ameniambia ametoa tamthilia zote za kisasi pale saluni, anaweka za mapishi. Wateja wamelalamika. Yeye amesema wahamie kwingine.

Swali uliloniuliza Juni nililijibu vibaya. Nilisema sihitaji kitu. Najua huko uliko huwezi kutuma hata kiberiti, lakini uliniuliza ukiwa kakangu na mimi nakujibu nikiwa mdogo wako. Jibu liko nyuma ya karatasi.

Mdogo wako,
Mwanarusi


Unga wa mahindi, mifuko minne ya kilo mbili, kila mwezi. Miwili yetu, miwili ya Hasina.

Dawa ya kupaka ya magoti ya Mama, ile ya kopo jekundu.

Chandarua kikubwa. Kilichopo Mishi amekichana.

Kanga doti moja ya Hasina, isiyo na rangi kali.

Daftari za mraba, sita. Tatu za Amin, tatu za Mwanasiti.

Viatu vyeusi vya shule, jozi mbili, vya kufunga kamba. Amin anavaa nambari kumi na moja. Mwanasiti sikumpima, lakini niliutazama mguu wake vizuri. Leta kumi na tatu.