Mtoto Amepitisha Tarehe na Mama Mkwe Amechemsha Dawa

Mama Dorotea wa gazeti letu, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa hapa uani kwetu Mukendo, maana kwenye kiti nikishakaa siinuki mpaka nivutwe, na anayenivutaga ni mama mkwe, na mama mkwe ndiye ninayetaka kumsema, kwa hiyo unisamehe mwandiko, karatasi nimeiegemeza kwenye tumbo na mtoto anapiga teke.

Mimi naitwa Penina, hii ni mimba yangu ya kwanza, na mume wangu Boniphace anauza mitumba sokoni tangu biashara hiyo iruhusiwe. Nesi wa kliniki alihesabu akasema nitajifungua mwanzoni mwa mwezi wa tano, akaandika kwenye kadi, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza, kwa sababu Boniphace aliisoma ile tarehe kama mtu anayesoma siku ya meli kufika bandarini, akawatangazia wa sokoni, akawatangazia wa kanisani, akapeleka habari kwao Buswahili, na mama yake, Mama Marcelina, akaja na jogoo, debe la mtama na furushi la majani ambalo hakusema ni la nini. Tarehe ikafika, nikaamka, nikafua nguo, nikaanika. Ikapita. Sasa kila ninayekutana naye ananiuliza kama bado, nami nashindwa nijibu nini maana tumbo wanaliona.

Mama mkwe si mtu mbaya, Mama Dorotea, hilo naomba ulishike. Ananipikia uji, ananikanda miguu. Lakini kila asubuhi ana kazi mpya ya kumshusha mtoto, leo nisugue sakafu nimepiga magoti, kesho nitwange mtama wa nyumba nzima, keshokutwa nipande kwenye yale mawe makubwa juu ya mtaa na kushuka, na mimi nilikuwaga mtu wa kulala mchana tangu nikiwa msichana.

Boniphace naye akasikia sokoni kwamba mtikisiko wa gari unaleta uchungu. Hakuniambia. Alisema twende Bunda tukamsalimie ndugu yake, tukapanda lori la Magige lililobeba magunia ya dagaa, na huyo Magige hakuna shimo alilolikwepa njia nzima, baadaye ndiyo nikajua Boniphace alimwomba asiyakwepe. Tukiwa katikati ya safari tumbo likanikamata, nikalia, akina mama waliokuwa juu ya lori wakanizungushia khanga, lori likasimama, wanaume wakateremka wakatugeuzia mgongo, mmoja akaanza sala, kisha wakapanda tena na Magige akakimbiza gari mpaka kwenye zahanati ya karibu huku anapiga honi kama amebeba bibi harusi. Nesi akanipapasa, akaniuliza asubuhi nimekula nini, nikasema maharage ya jana na viazi. Akawaambia wote waliokuwa wamejaza mlango kwamba nina gesi. Wale akina mama walichukua khanga zao bila kuniaga, yule wa sala alinitazama vibaya mpaka Bunda, na ndugu wa Boniphace hatukumkuta nyumbani.

Baada ya hapo mama mkwe akasema mchezo umetosha, akafungua furushi, akachemsha majani. Nikamwambia mama, kliniki walitukataza dawa hizi. Akasema watoto wake wote wametoka kwa dawa hii hii na hao wa kliniki hawakuwepo. Nikashindwa kubishana na mkubwa, nikapokea kikombe, nikamwambia nitakunywa ndani nikishasali. Ndani nikaimimina kwenye chupa ili nikaimwage nyuma ya bafu, lakini mama mkwe alikuwa ameketi pale pale mlango wa uani anapepeta mtama, nikaificha chupa chini ya meza nisubiri ainuke. Hakuinuka. Boniphace akaja kula mchana, ametoka juani ana kiu, akaiona chupa, akainywa yote kwa mkupuo kabla sijafungua mdomo, akasema, “Togwa hii imekaa sana.”

Sikusema kitu. Naungama kwako, sikusema. Akarudi sokoni, akafungua robota jipya la mitumba, watu wamelizunguka, kumbe tumbo nalo linafunguka, akaliacha robota wazi akakimbilia choo cha soko, akatoka, hajafika mezani akageuza, mpaka jirani yake wa biashara akamfungia mali. Jioni aliletwa nyumbani ameshikwa mikono. Akakaa akafikiri, akaamua kilichomuua ni sangara wa Jeska aliyemla mchana. Jeska ni jirani yetu, anakaanga samaki hapo kwenye kona, na ndiye anayenipaga samaki bila kumwomba nikitamani. Kesho yake Boniphace akajikongoja mpaka pale akamwambia mbele ya wateja kwamba samaki wake wameoza. Tangu siku hiyo watu wanakipita kikaango chake, na Jeska akinitazama mimi nainama kama ninatafuta sindano.

Mama mkwe anaamini nimekunywa na imeshindwa, kwa hiyo anasema tumbo langu ni sugu, ameagiza kwao mizizi yenye nguvu zaidi. Inafika Jumapili na safari hii amesema atasimama mbele yangu mpaka nimalize kikombe.

Nilitaka kumchukia. Lakini jana nilimkuta peke yake jikoni, moto umezima naye hajui, nikamuuliza, mama, haraka hii yote ya nini. Akasema, “Susana alichelewa hivi hivi. Tuliambiwa tungoje. Tukangoja, na mtoto akatoka kimya.” Susana ni dada yake Boniphace. Sikuwahi kuambiwa habari hiyo.

Sasa naogopa dawa na kungoja pia naogopa. Nikikataa namvunja moyo mama wa watu, nikinywa sijui kitakachonipata, nikisema ukweli nitaitwa mwanamke aliyemnywesha mume dawa ya uzazi. Nimefikiria kukimbilia Buhare kwa mama yangu mdogo nikajifungulie huko ndipo niwaite. Nishauri, Mama Dorotea, na upesi, maana Jumapili si mbali.

Penina, Mukendo.

JIBU

Penina, marahaba. Gazeti hili hutoka mara moja kwa mwezi, na mimba yako haikubali kungoja mtambo wa kuchapa, kwa hiyo jibu hili nilikupelekea kwa mkono siku ile ile nilipokusoma. Naliweka hapa kwa ruhusa yako kwa sababu najua hauko peke yako.

Kwanza, usinywe. Si majani, si mizizi, si kijiko kimoja cha kumridhisha mtu. Nimekuwa mkunga miaka mingi kabla ya kustaafu na nimewaona waliokunywa. Dawa hizo hukaza mfuko wa uzazi bila kuuliza kama mlango uko tayari. Mfuko unaweza kupasuka, mtoto akakosa hewa, mama akavuja damu kwenye mkeka wakati ndugu wanatafuta gari. Mumeo ni mwanaume mzima, hana mfuko wa uzazi, na umeona alivyoletwa. Hiyo ilikuwa dawa dhaifu.

Pili, hiyo tarehe. Nesi hakuandika ahadi, aliandika makadirio. Mtoto anaweza kutangulia wiki mbili au kuchelewa karibu hizo hizo na akawa mzima kabisa, hasa wa kwanza. Boniphace amwambie hivyo kila aliyemtangazia, kwa sauti ile ile.

Lakini usinielewe nusu. Kungoja si kukaa kwenye ndoo na kuomba Mungu. Tarehe ikishapita unatakiwa kupimwa, na tangu ipite hujanitajia kwamba umerudi kliniki hata mara moja. Umepanda mawe, umepanda lori, kliniki hujapanda. Hilo nakugombeza. Nenda kesho asubuhi. Wakuangalie presha, wasikilize moyo wa mtoto, wakupangie siku ya kurudi, na wakiona mtoto hatakiwi kungoja zaidi wao ndio watakaokuanzishia uchungu hospitali, kwa kipimo, mtu akiwa kando yako. Na usingoje siku uliyopangiwa ukiona damu, au chupa ya uzazi imepasuka maji yakatoka, au kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, au mtoto aliyezoea kucheza ametulia. Hapo hata ikiwa wakati wa kula, unaacha sahani unaondoka.

Kutembea tembea, sawa. Kutwanga mtama wa nyumba nzima, hapana. Lala mchana wako. Na Boniphace aelewe kwamba lori halizalishi. Lingepinduka, tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Kuhusu Buhare, usikimbie. Utamwacha mama mkwe na hofu yake na mume na uongo wako. Sema ukweli leo, wote wawili wakiwa wamekaa. Usianze na dawa, anza na Susana. Mwambie mama kwamba unaogopa kile kile anachoogopa yeye, kisha mwombe akusindikize kliniki. Mama huyu hana ubaya. Aliwahi kuambiwa “ngoja” na hakuna aliyemsikilizisha moyo wa mtoto, ndiyo maana neno hilo halitaki tena. Halafu Jeska. Aibu ya Jeska ilitangazwa mbele ya wateja, nayo itaondolewa mbele ya wateja. Si wewe utakayekwenda. Ni yule aliyesema.

Wasomaji wangu, kwa kuwa mtauliza, yaliyofuata ni haya. Penina alisema yote baada ya chakula. Anasema Boniphace alimgeukia mama yake akamuuliza kwa heshima kama dawa imeshamtoka au kuna sehemu bado inakuja. Mama Marcelina alicheka mpaka akashika ukuta, na katikati ya kucheka akaanza kulia, na Penina akamshika. Asubuhi Boniphace alikwenda kwenye kona, akasimama mbele ya kikaango, akakiri kosa, akala sangara mzima huku watu wakimwangalia. Jeska alimwacha amalize, kisha akamwambia aite na wale wote aliowafukuza. Alizunguka sokoni siku nzima akiita wateja wa samaki badala ya wateja wa mashati.

Kliniki nesi alisikiliza tumbo kwa ile honi ya mti ya kusikilizia moyo wa mtoto, kisha bila kuambiwa na mtu akampa Mama Marcelina. Mama akapiga magoti, akaweka sikio. Foleni ikarefuka nyuma yake na hakuna aliyethubutu kumwinua. Alipoinuka alisema, “Huyu anasema.” Mizizi ilipofika Jumapili aliipokea, akamshukuru aliyeileta, akaichimbia shimo akaifukia.

Uchungu wenyewe ulikuja katikati ya wiki iliyofuata, Penina akichambua mchele, bila kupanda chochote. Alidhani ni maharage. Alichambua sinia lote na kuosha mchele ndipo akamwita mama mkwe, na mama mkwe alimtazama mara moja tu akachukua kapu. Walikwenda hospitali wakiwa na kila kitu walichoambiwa waje nacho, maana siku hizi wodini hata wembe unakuja nao. Amepata mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kusikika barabarani. Mama Marcelina alikuwa nje ya mlango. Aliposikia ile sauti aliketi chini kwenye korido, akavua viatu, na akaomba asisemeshwe kwanza.

Nyinyi mnaongoja, ngojeni mkipimwa. Nyinyi mnaoishi na anayengoja, acheni kumuuliza kama bado, mpokeeni ndoo ya maji. Na wewe Penina, mtoto akilala, lala.