Nyumba ya Jangwani Katika Mvua ya Muheto

Mama Euphrasie, mshauri wetu wa redioni,

Naomba unisaidie, nakuandikia nikiwa nimevaa koti la mvua na niko sebuleni kwangu. Nilifanya kazi Dubai miaka mitatu, nikaona wenzetu wanavyojikinga na jua, paa tambarare, kuta nene nyeupe, madirisha madogo, na katikati ya nyumba uwanja wazi uliofunikwa kitambaa cha kivuli, basi niliporudi kwetu Muheto, hapa Masisi, nikabomoa nyumba ya zamani, mabati yake nikampa kaka yangu Floribert akaezeke zizi, nikajenga kama ya kule, na siku ya kuifungua nikawaambia majirani kuwa nyumba zao ni za watu wasiotembea. Mvua ikaja wiki hiyo hiyo, maji yakatuama juu ya paa yakaanza kupenya, kitambaa kikajaa kikatupasukia tukiwa tunakula, na mtoto wetu Igiraneza, mwenye miezi minne, akakohoa mpaka tukampeleka kituo cha afya. Mke wangu Emérita akamfunga mgongoni akaenda kwa mama yake. Aliniambia mlangoni, "Papa Igiraneza, hii nyumba yako iko ya jua, na sisi huku jua tunaonaka wapi? Siku utaweka manjanja ya kuinama, njo nitarudia." Yaani nirudishe mabati, paa la mwinamo.

Mimi huko siwezi kulala, unajua mila yetu, mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe, kwa hiyo mchana napanda mlima kwenda kumbeba mtoto, jioni narudi kulowa peke yangu. Mama, nitamrudishaje mke wangu bila kuligusa paa? Nikiweka mabati, Muheto nzima itanicheka.

Damascène

JIBU

Damascène, hongera. Nyumba yako inafanya kazi: tangu uijenge, hakuna hata mtu mmoja Muheto aliyeunguzwa na jua. Huku Masisi asubuhi tunatafutana kwa ukungu, nawe ukaona tunachokosa ni kivuli! Wale wa jangwani waliangalia juu kabla ya kujenga. Wewe uliyezaliwa chini ya mvua hii ulikuwa unaangalia wapi?

Eti unaogopa kuchekwa. Kaka, walishacheka wakamaliza, sasa wako shambani. Na ng'ombe wa Floribert wanalala pakavu chini ya mabati ya mwanao.

Lakini unapanda mlima kila siku kumbeba mtoto, na hapo nimekuonea huruma. Huna roho mbaya, una kichwa kigumu tu.

Sasa sikiliza. Leo nenda kwa Floribert, uombe mabati bila hotuba. Pandisha mbao zenye mwinamo mkali, uezeke mabati mpaka juu ya huo uwanja wako, uchimbe mfereji kuzunguka nyumba. Kuta nene ziache, zitazuia baridi. Washa moto ndani mpaka zikauke. Kisha beba dumu la kasiksi nzuri, pombe yetu ya ndizi, kwa baba mkwe, na mbele ya Emérita useme, "Nilikosea." Usiongeze "lakini." Dubai usiitaje.

Siku hiyo usimwombe arudi. Ngoja mvua kubwa, umwite aje peke yake asimame katikati ya sebule. Igiraneza abaki kwa bibi yake, maana kifua cha mtoto kilichopona mara moja hakikuahidi kupona tena. Tone moja likimwangukia Emérita, msindikize mwenyewe kwa mama yake, halafu rudi upande juu ya paa ukazibe.