Umekula, Hafidha?

Mwaka umetimia, Hafidha, tangu ulipotutoka hapa Ruponda, korosho zikiwa bado zinadondoka na wewe ukisema ukimaliza kuokota utakwenda kupima presha.

Mama yake mumeo Bilali alipopata kiharusi, ulimchukua kama mtoto wako. Ulimwogesha, ulimgeuza, ulimlisha uji kwa kijiko huku ukimtania kwamba amekuwa bibi harusi, hatoki ndani. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Sisi tulikusifu sana. Hakuna aliyekupokea beseni akakwambia kaa.

Kila jioni Bilali alikuuliza kama umekula.

"Nilishaonja jikoni," ulimjibu, ukapita. Naye akaridhika, maana mapishi yako yalikuwa matamu na njaa ilikuwa yake.

Kumbe dawa za mama mkwe wako zikiisha, ulikuwa unampa vidonge vyako vya presha. Tulijua siku ya arobaini. Mama alisema mwenyewe, kwa ulimi wake mzito: "Alinipa vyake. Alisema yeye bado ana nguvu." Bilali alitoka nje, akakaa juu ya gunia la korosho mpaka watu walipotawanyika.

Nyumba imepoa. Bilali bado analala upande wake uleule wa kitanda, wako hajaugusa. Jioni huchungulia jikoni, swali likiwa mdomoni, kisha hurudi mkekani kukaa peke yake. Upweke umemshika na wala hafichi.

Binti yenu Samia amerudi kutoka Matambarale kumuuguza bibi yake. Alianza na mwendo wako uleule, kula wima na kulala mwisho. Bibi amekataa. Uji ukiletwa hufunga mdomo, akaelekeza kidole kwenye kikombe cha Samia.

"Wewe kwanza."

Hafungui mdomo mpaka mjukuu wake akae chini ale. Majuzi bibi amemtuma Samia aende Nachingwea kupima presha yake, korosho zikabaki zimelala chini ya mikorosho. Bilali ndiye aliyeshinda na mama yake siku hiyo.

Unakumbukwa na mumeo Bilali, binti yako Samia, mama mkwe wako Mwanaima, ndugu zako wa Naipingo na majirani wote wa Ruponda.

Mwenyezi Mungu akurehemu. Hutasahaulika katika nyumba hii, hasa chakula kinapopakuliwa. Samia ameshakula, Hafidha. Bibi yake amemwona.