Kabla Mwezi Haujaisha

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie popote ulipokaa kuisoma hii. Macho yanaendeleaje? Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu, na watoto wanauliza shangazi atakuja lini. Karakana ina kazi tele, vumbi la mbao mpaka kwenye chai.

Mwaka jana nilikuwa nafunga rafu ofisini kwa wakili mmoja, mtu wa maneno mengi. Nikamuuliza juujuu habari za madeni. Akasema kila deni lina muda wake wa kupelekwa mahakamani. Ukipita, mdai hana lake tena. Ila mdaiwa akilipa hata kidogo, au akikiri kwa maandishi yenye sahihi kabla ya muda kwisha, miaka inaanza kuhesabiwa upya. Nikainama kama natafuta misumari.

Baadaye ukaniomba angalau sehemu ya zile fedha za mashine ya randa, ulizonikopesha baada ya kuuza cherehani yako, ukatibiwe macho. Nikakwambia biashara imelala. Wiki haikupita nikakuletea kitanda kipya. Lo, ulivyonishukuru! Ukawaambia majirani kwamba Kitinda wako hajakusahau. Mke wangu akauliza biashara gani iliyolala inagawa vitanda bure. Nikamwambia asinichoshe.

Dada, fedha nilikuwa nazo. Nilikupa kitanda kwa sababu zawadi haihesabiwi kuwa malipo. Na ujumbe wako wa simu sikuujibu hata mmoja. Nilikuwa nakupigia, nakuchekesha, ili pasibaki maandishi. Muda wa deni lako unakwisha mwezi huu; ungepita, ungekuwa huna pa kunishtaki. Najua usingenishtaki kamwe, na hilo ndilo linalonikosesha raha: nimejifungia mlango na wewe hata hodi hukupiga. Huku macho yako yanazidi kufifia. Naona aibu, dada yangu. Nisamehe ukiweza.

Basi naandika kwa mkono wangu: unanidai fedha zote za mashine ya randa, na sijakulipa hata senti moja. Jumamosi nakuja na za matibabu, tuanzie hapo.

Wasalimie wote nyumbani. Barua hii ifungie sandukuni, na ufunguo ukae nao wewe. Najijua. Hata nikija mwenyewe kukubembeleza niichane, usinipe.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda
(na sahihi yangu hii hapa)